Mahakama Kuu Imefika Kigoma, Sasa Itoke Iende Kalya

Katika mfumo wowote wa mahakama, swali la nani asafiri, jaji amfuate mwananchi au mwananchi amfuate jaji, ni swali la haki kabla halijawa swali la bajeti, kwa kuwa gharama ya safari hiyo lazima ibebwe na mtu fulani, na ikimwangukia asiye na kitu, haki yake huishia njiani. Jibu la kale la swali hilo ni jaji wa mzunguko, yaani jaji wa mahakama ya juu ambaye hakai kituo kimoja akisubiri mashauri yaletwe, bali hupita mji hadi mji kwa ratiba na kusikiliza kesi ambazo mahakama za mahali hapo hazina mamlaka nazo. Nchini Tanzania utaratibu huo umejulikana zaidi kama vikao vya Mahakama Kuu, na kwa vizazi kadhaa mikoa ya pembezoni, Kigoma ikiwamo, ilimfahamu jaji kwa njia hiyo tu: mtu aliyefika kwa kipindi fulani, akasikiliza mashauri yaliyopangwa, kisha akarudi alikotoka.

Hali hiyo imebadilika. Kufikia mwaka 2020 Kigoma ilikuwa na masjala yake ya Mahakama Kuu, maana yake ofisi inayopokea na kutunza majalada ya mashauri, pamoja na majaji waliopangiwa kukaa na kufanya kazi mkoani humo badala ya kutoka Tabora, kilikokuwa kituo cha Mahakama Kuu kilichouhudumia mkoa huo. Mabadiliko hayo yanastahili kupongezwa bila kusitasita. Hata hivyo, yamekuja na hatari ya kuaminika kwamba safari za jaji zilikuwa kiraka cha muda tu, na kwamba jengo likishapatikana safari zimekwisha kazi. Hoja ya makala haya ni kinyume chake: jaji kusafiri ni sehemu ya haki yenyewe, na Mahakama Kuu iliyofika Kigoma itakuwa imetimiza nusu tu ya wajibu wake endapo haitatoka tena kwenda Kasulu, Kibondo, Kakonko na vijiji vya mwambao wa kusini wa mkoa kama Kalya.

Chimbuko la utaratibu huu linasaidia kueleza kwa nini umedumu. Nchini Uingereza, Mfalme Henry wa Pili alitunga mwaka 1166 sheria iliyoimarisha desturi ya kuwatuma majaji wake mikoani kusikiliza mashtaka makubwa, na vikao hivyo vya kuzunguka viliendelea kwa karne nyingi hadi sheria ya mwaka 1971 ilipovifuta na kuunda mahakama mpya yenye majaji wanaoitwa rasmi majaji wa mzunguko. Nchini Marekani, sheria ya mahakama ya mwaka 1789 iliwalazimu hata majaji wa Mahakama ya Juu kuzunguka majimboni, mzigo walioulalamikia kwa takriban miaka 100, mpaka mahakama za rufani za mizunguko zilipoundwa mwaka 1891. Katika nchi zote mbili utaratibu huo ulibeba mambo mawili yasiyofanana: ulikuwa njia ya dola kuonyesha mkono wake hadi vijijini, lakini pia ulikuwa kinga ya mnyonge, kwa sababu jaji aliyetoka mbali hakuwa na undugu, shamba wala deni katika mji aliohukumu, na kwa hiyo mwenye nguvu wa pale hakuwa na pa kumshikia.

Tanganyika iliurithi utaratibu huo kwa sura ya kikoloni. Mahakama Kuu iliundwa chini ya Agizo la Tanganyika la mwaka 1920 na kuanza kazi mwaka 1921, ndiyo sababu miaka 100 yake iliadhimishwa mwezi Februari 2021 jijini Dodoma. Kwa Waafrika walio wengi, hata hivyo, mahakama hiyo ilikuwa mbali kwa maana zote mbili, ya maili na ya sheria, kwa kuwa sheria ya mwaka 1929, wakati wa Gavana Donald Cameron, iliziondoa mahakama za wenyeji chini ya usimamizi wa Mahakama Kuu na kuzikabidhi kwa maofisa wa utawala. Mkazi wa Ujiji aliyeshindwa shauri alipeleka malalamiko yake kwa ofisa wa wilaya, kisha kwa mkuu wa jimbo, kisha kwa gavana, yaani kwa watu wale wale waliomtoza kodi na kumwamuru. Jaji alionekana hasa pale ambapo mtu ameuawa na adhabu ya kunyongwa iko mezani. Ni Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963, baada ya Uhuru, iliyoziunganisha mahakama zote kuwa ngazi moja inayoanzia mahakama ya mwanzo, ikapanda mahakama ya wilaya na kufika Mahakama Kuu, hata kesi ya shamba la mihogo ikapata njia ya kisheria ya kumfikia jaji.

Njia hiyo ilikuwapo kwenye maandishi. Kwenye ramani ilipitia Tabora. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ndiyo iliyokuwa kiungo cha mkoa huu na kituo hicho cha Mahakama Kuu, na kutoka kituo cha Kigoma hadi Tabora ni mwendo wa kilomita 400 hivi. Mkazi wa kata ya Katubuka, katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, aliyekuwa na rufaa ya mgogoro wa kiwanja, alipaswa kupanda treni hadi Tabora, kutafuta malazi, kufika mbele ya jaji, na mara nyingine kuambiwa kwamba shauri limeahirishwa kwa sababu upande wa pili haujapewa hati ya wito. Aliyekuwa na uwezo aliweka wakili wa Tabora asimame kwa niaba yake. Asiyekuwa nao alihesabu nauli ya kwenda na kurudi, akailinganisha na thamani ya kiwanja, na mara nyingi hesabu hiyo ndiyo iliyoamua shauri kabla ya jaji. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na kanuni za mahakama zinasema vivyo hivyo kwa lugha kavu zaidi, kwa kuwa mrufani asiyehudhuria bila sababu rufaa yake hufutwa.

Katika kesi za jinai, umuhimu wa jaji anayezunguka ulionekana kwa uzito mkubwa zaidi kwenye mashtaka ya mauaji, ambayo mahakama za chini haziwezi kuyasikiliza kwa mamlaka yao ya kawaida. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, mtuhumiwa wa mauaji hana dhamana. Hufikishwa kwanza mbele ya hakimu, ambaye humweleza kwamba hatakiwi kujibu lolote kwa sababu mahakama hiyo haina mamlaka, na tangu siku hiyo huanza maisha ya kutajwa na kuahirishwa, ambapo kila baada ya wiki mbili hivi mahabusu hupandishwa kizimbani, mwendesha mashtaka husema upelelezi haujakamilika, na tarehe nyingine hupangwa. Upelelezi ukikamilika, Mkurugenzi wa Mashtaka huwasilisha mashtaka Mahakama Kuu, jalada hurudi kwa hakimu ili maelezo ya mashahidi na vielelezo vya upande wa mashtaka yasomwe mbele ya mtuhumiwa, hatua inayojulikana kama mwenendo kabidhi, kisha shauri hukabidhiwa Mahakama Kuu. Hapo mtuhumiwa hujibu shtaka mbele ya jaji, mambo yasiyobishaniwa huwekwa kando, na ndipo husubiriwa kikao cha kusikiliza mashahidi. Katika mkoa usio na jaji, hatua hizo za mwisho zote zilisubiri ujio wake.

Inafaa kuitazama siku moja ya kikao cha aina hiyo kwa karibu. Asubuhi gari la magereza huwaleta mahabusu kutoka Gereza la Bangwe. Nje ya mahakama ndugu zao wamekwisha kufika, wengine wakiwa wamesafiri usiku kucha, na ndugu wa marehemu wamekaa kando, wakikwepa kutazamana nao. Karani huita namba ya shauri. Wakili wa Serikali husimama, na wakili wa utetezi, ambaye katika kesi za mauaji mara nyingi huwekwa kwa gharama ya umma kwa sababu mshtakiwa hana fedha, husimama pia. Shahidi akiwa bibi wa kijijini anayejieleza vizuri zaidi kwa Kiha, mkalimani hula kiapo kwanza. Jaji huuliza, mkalimani hugeuza, bibi hujibu, mkalimani hugeuza tena, na jaji huandika kwa mkono wake, huku wote wakisubiri kalamu ifike mwisho wa mstari. Mwendo huo wa polepole una sababu: kosa la kuua kwa kukusudia lina adhabu moja tu kwa mtu mzima, kunyongwa hadi kufa, isipokuwa kwa mwanamke mjamzito, na tofauti kati ya kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia inaweza kutegemea alichokiona bibi yule kwa mwanga wa kibatari, alisimama wapi, na kama ugomvi ulikuwa umeanza kabla ya panga kutolewa.

Mwenendo wa vikao, pamoja na ubora wake huo, ulikuwa na dosari zinazopaswa kusemwa wazi na yeyote anayeutetea. Dosari ya kwanza ni kwamba kikao kilitegemea fedha: posho na malazi ya jaji, wasaidizi wake na mawakili, nauli za mashahidi, mafuta ya magari. Fedha zisipotoka kikao hakifanyiki, na mahabusu anayestahili kuachiwa huendelea kukaa gerezani si kwa sababu ya ushahidi bali kwa sababu ya kasma. Dosari ya pili ni haraka. Jaji mwenye siku chache na orodha ndefu hubanwa na saa, na shahidi asiyepatikana katika siku hizo huahirisha kesi, si hadi kesho, bali hadi kikao kijacho, ambacho huenda kikaja na jaji mwingine. Dosari ya tatu ni kwamba mashauri yasiyo ya mauaji, kama maombi ya zuio, mapitio ya maamuzi ya mahakama za chini au rufaa za mirathi, yalibaki Tabora kwa sehemu kubwa. Ibara ya 107A ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inazitaka mahakama zitende haki kwa wote bila kujali hali ya mtu kijamii au kiuchumi na zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi. Kwa kipimo hicho, mkoa unaomwona jaji kwa vipindi haukuwa umetendewa sawa na mkoa anaoishi jaji.

Ndiyo maana ujio wa masjala ya Mahakama Kuu mjini Kigoma ni tukio kubwa kuliko ukubwa wa jengo lake. Mkazi wa Katubuka anayepinga uamuzi wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya leo huwasilisha rufaa yake katika manispaa anamoishi, akaenda kwa bodaboda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Maombi ya dharura yanaweza kusikilizwa siku yanapohitajika, na kuna Jaji Mfawidhi, yaani jaji kiongozi wa kituo, anayewajibika kwa mkoa huu na si kwa mkoa mwingine unaoongezewa huu. Nafuu hiyo ina uzito wa pekee katika mashauri ya ardhi, kwa sababu tangu mwaka 2021 mabaraza ya kata yaliondolewa uwezo wa kuamua migogoro na kuachiwa kazi ya usuluhishi tu, hivyo mashauri mengi zaidi yanaanzia baraza la wilaya, na ngazi inayofuata baada ya hapo ni jaji.

Lakini kuhamisha makao ya mahakama hakuondoi umbali; humpunguzia mmoja na kumwacha mwingine nao. Kakonko iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Kigoma mjini, na Kibondo haiko karibu zaidi kwa kiasi cha kumfariji mtu anayetafuta nauli. Upande wa kusini hali ni ngumu zaidi: vijiji vya ukanda wa ziwa katika Wilaya ya Uvinza, kama Buhingu na Kalya, viko chini ya milima ya Mahale, na wakazi wake huifikia Kigoma kwa boti zinazokwenda kwa ruhusa ya upepo, au kwa barabara ya Ilagala ambako hakuna njia ila kuvuka Mto Malagarasi. Kwa shahidi wa Kalya, mahakama iliyoko jirani na Katubuka iko mbali karibu kama Tabora ilivyokuwa mbali kwa mtu wa Katubuka. Akiitwa kutoa ushahidi, huacha nyavu na shamba kwa siku kadhaa, hulala kwa jamaa au hotelini, na kesi ikiahirishwa hutakiwa kurudia yote. Mashahidi wa namna hiyo hawagomi. Huchoka, na kesi hufa kwa uchovu wao.

Hapo ndipo faida ya kwanza ya jaji anayesafiri inapoonekana, nayo ni ushahidi. Kesi ikisikilizwa Kibondo, mashahidi kumi hufika kwa gharama ambayo ingewaleta wawili Kigoma, na jaji mwenyewe anaweza kwenda kuona mahali penyewe, akapima kwa macho umbali kati ya mlango na kisima, au akaona mpaka unaobishaniwa ukipita kwenye mti gani. Kutembelea eneo la tukio au la mgogoro ni hatua inayotambuliwa na mahakama zetu, lakini haiwezekani kwa jaji aliye mbali kwa siku mbili za safari.

Faida ya pili ni hadhara. Haki ya jinai haitendwi kwa ajili ya mshtakiwa na familia ya marehemu peke yao. Hutendwa pia kwa ajili ya kijiji kilichotikiswa na kifo kile. Magharibi mwa Tanzania, ambako shutuma za uchawi zimewahi kuwageuza majirani kuwa wauaji, kijiji kinachosikia tu kwamba fulani ameachiwa huko mjini hujaza pengo kwa uvumi wa rushwa, na uvumi huo ndio mbegu ya kulipiza kisasi. Kijiji kinachomsikia jaji akieleza, kwa lugha kinachoielewa, kwamba shahidi wa utambuzi alikuwa mbali mno na taa, kinaweza kutoridhika, lakini kinajua sababu. Sheria iliyotungwa mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na ilitanguliwa na uamuzi ambao Jaji Zephrine Galeba aliuandika kwa Kiswahili mjini Musoma. Haingekuwa na maana kubwa kuileta hukumu kwenye lugha ya wananchi halafu kuisomea mahali wasipofika.

Jambo hili limepata uzito mpya kutokana na marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 kuhusu wazee wa baraza, yaani raia wa kawaida waliokaa na jaji katika kesi za Mahakama Kuu na kumpa maoni yao kabla ya hukumu. Zamani kesi hizo hazikuweza kusikilizwa bila wao. Sasa uwepo wao unategemea uamuzi wa mahakama. Zipo sababu za kiutendaji za mabadiliko hayo, kwa kuwa hukumu nyingi zilitenguliwa na Mahakama ya Rufani kutokana na makosa ya namna wazee walivyoelekezwa. Lakini wazee hao walikuwa kiungo cha jaji mgeni na mila za mahali, na kiungo hicho kikilegea, mahali pa kusikilizia kesi hupata umuhimu zaidi, kwa sababu hapo ndipo jamii itakapobaki kuwa karibu na kesi yake.

Faida ya tatu, ambayo husemwa kidogo kuliko inavyostahili, ni usimamizi. Mahakama Kuu ina mamlaka ya kuzikagua mahakama za chini, kuita majalada yake na kurekebisha makosa hata pale ambapo hakuna aliyekata rufaa, na majaji hutembelea magereza kusikiliza malalamiko ya wafungwa na mahabusu. Kazi hiyo haifanyiki vizuri kwa barua. Jaji anayeketi Kasulu kwa wiki mbili hukutana na hakimu wa mahakama ya mwanzo ana kwa ana, huona jengo linalovuja juu ya kabati la majalada, na husikia kutoka kwa mahabusu ambaye jalada lake limepotea kati ya ofisi tatu. Katika wilaya ambazo mawakili wa kujitegemea ni wachache, ukaguzi wa jaji huenda ukawa rufaa pekee atakayoipata mtu asiyejua kuandika.

Anayedhani kwamba kusafiri ni dalili ya uchanga wa mahakama na atazame ngazi ya juu kabisa. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, hadi ilipotoweka pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, ilizunguka ikiketi Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyoundwa mwaka 1979, ina makao yake Dodoma siku hizi lakini majaji wake huendelea kwenda mikoani, na katika miaka ya karibuni wameketi Kigoma kwenyewe. Ikiwa mahakama ya mwisho nchini haioni kuwa inajishusha kwa kumfuata mrufani hadi pwani ya Ziwa Tanganyika, hakuna sababu kwa mahakama iliyo chini yake kuona kwamba kwenda Kalya ni kujishusha.

Majirani nao wana la kufundisha. Nchini Uganda Mahakama Kuu imegawanywa rasmi katika mizunguko, kama ya Gulu, Mbarara, Jinja na Fort Portal, kila mmoja ukiwa na jaji mkazi, na uzoefu wa huko unaonyesha kwamba kuwa na jaji mkazi hakumalizi tatizo endapo kesi za jinai bado husubiri kikao chenye fedha zake. Ng'ambo ya ziwa hili hili, katika mji wa Baraka wilayani Fizi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mahakama ya kijeshi ya kuzunguka iliketi mwezi Februari 2011 na kumhukumu Luteni Kanali Kibibi Mutware kifungo cha miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, kufuatia ubakaji wa halaiki uliofanywa na askari Fizi siku ya kwanza ya mwaka huo. Wanawake waliodhulumiwa walitoa ushahidi katika eneo lao wenyewe, na hukumu ilitoka kabla ya miezi miwili kutimia tangu kosa litendeke. Wataalamu waliuliza maswali ya haki kuhusu muda aliopewa mshtakiwa kujitetea, na pia kuhusu mahakama inayotegemea fedha za wafadhili, kwa sababu mfadhili akiondoka mahakama huacha kutembea. Pamoja na hayo, Baraka ilithibitisha kwamba mashahidi ambao wasingevuka milima kumfuata jaji husema yote jaji akiwafuata wao.

Zipo pingamizi tatu zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba mahakama mtandao, ambayo kanuni za mwaka 2021 ziliipa utaratibu wa kusikiliza mashauri kwa njia ya video, imefuta haja ya safari. Kwa kutaja kesi, kusikiliza hoja za mawakili au kusoma uamuzi, teknolojia hiyo ni nafuu kubwa na itumike zaidi. Lakini shahidi anayeonyeshwa panga aseme kama ndilo aliloliona, kupitia mkalimani, kwenye mtandao unaokatika, hapimwi sawasawa, na chumba chenye skrini hakiwezi kuchukua kijiji. Pingamizi la pili ni kwamba mahakimu wakazi wanaweza kuongezewa mamlaka ya kusikiliza mauaji, jambo ambalo sheria inaliruhusu. Ni msaada mzuri wa kupunguza mlundikano, ila hakimu huyo ana kazi zake za kila siku katika kituo hicho hicho, naye hawezi kujikagua mwenyewe. Pingamizi la tatu ni gharama, nalo ndilo lenye nguvu kuliko yote, kwa kuwa kweli safari ya jaji ni ghali. Ila gharama hiyo haipotei jaji asiposafiri. Hugawanywa kimyakimya kwa mashahidi, ndugu na mahabusu, na kwa Serikali yenyewe inayoendelea kumlisha mtu gerezani kwa miaka huku akisubiri kujua kama ana hatia.

Kutokana na hayo, mambo manne yanapendekezwa. Kwanza, Mahakama Kuu Kanda ya Kigoma itangaze kila mwanzo wa mwaka kalenda ya vikao vya wilayani, ibandikwe kwenye mahakama za mwanzo, ofisi za kata na magereza, ili mahabusu na shahidi wajue jaji anakuja lini, badala ya kusikia akiwa ameshafika. Pili, fedha za vikao hivyo zitengwe katika Mfuko wa Mahakama, ulioanzishwa na Sheria ya Uendeshaji wa Mahakama ya mwaka 2011, kwa namna ambayo haziwezi kuhamishiwa matumizi mengine. Tatu, Mahakama iwe na boti kwa ajili ya mwambao wa kusini. Magari ya mahakama inayotembea yaliyozinduliwa mwaka 2019 yalianzia Dar es Salaam na Mwanza, na huko yalisikiliza mashauri ya mahakama za chini. Ziwani gari halifiki, na wenye kesi za kusikilizwa na jaji wapo pia. Nne, jaji anayeanza kusikiliza kesi ya mauaji aimalize, na uhamisho wake usubiri, kwa sababu kila kesi inayoanza upya kwa jaji mpya huwataka mashahidi wale wale warudie uchungu ule ule.

Hakuna pendekezo kati ya hayo linalohitaji sheria mpya kubwa wala jengo jipya. Linalohitajika ni kuacha kuipima Mahakama kwa idadi ya majengo yake na kuipima kwa umbali ambao mtu wa mwisho analazimika kusafiri ili asikilizwe. Kwa kipimo hicho, mkazi wa Katubuka amepata haki aliyoikosa kwa karibu miaka 100, naye, kuliko mtu mwingine yeyote mkoani, anajua thamani yake, kwa kuwa anaikumbuka nauli ya Tabora. Sasa yeye, madiwani wake, wabunge wa mkoa, Chama cha Mawakili na uongozi wa Mahakama wana wajibu wa kudai kwa ajili ya mtu wa Kalya na wa Kakonko kile ambacho wenyewe wamekwisha kukipata, kwa sababu haki iliyoishia mjini ni upendeleo uliopewa jina la haki.